Kimya cha Maabara: Kisa cha Mama Aliyesubiri Majibu Baada ya Saratani ya Titi Kurejea

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, madaktari, washauri nasaha na ndugu wanaomuuguza mtu aliyewahi kutibiwa saratani ya titi na sasa ameambiwa kwamba huenda imerejea. Mhusika ameridhia kitumike kufundishia. Jina lake, kazi yake, umri wake kamili, mkoa wake na hospitali zilizomhudumia vimeondolewa au kubadilishwa, na hapa tutamwita Bi. Saida, jamaa zake wametajwa kwa udugu wao tu. Namna ya kutibu saratani iliyorejea ina miongozo yake na haikuwa sababu ya kuandika. Kilichonisukuma ni kipindi ambacho kwa kawaida hakiandikwi popote kwenye faili, yaani zile wiki zinazopita kati ya siku kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa) kinapochukuliwa na siku majibu yanaposomwa, ambapo mgonjwa huwa nyumbani, mbali na macho yetu, na kila mtu anayemzunguka ana maelezo yake kuhusu kinachoendelea.

Historia ya mgonjwa

Bi. Saida ni mama wa makamo, aliyekwisha kukoma hedhi, mwenye watoto wakubwa. Anaishi katika mji wa mkoani, mwendo wa kutwa nzima kwa basi hadi hospitali ya rufaa. Miaka 6 kabla ya matukio haya aligundulika kuwa na saratani ya titi la kushoto, hatua ya pili, yenye vipokezi vya homoni ya estrojeni na isiyo na HER2, protini inayochochea ukuaji wa seli, kwa wingi. Aliondolewa titi, akapata dripu za tibakemikali, akapigwa mionzi kifuani, kisha akaandikiwa tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni kuchochea saratani, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5. Alimeza dawa hizo mpaka mwisho. Siku alipomaliza, nyumbani kulisomwa dua ya shukrani na watu wakala, naye akaamini kwamba jambo lile limefungwa.

Katika faili lake hakuna mahali panapoonyesha kwamba alielezwa tabia ya saratani ya aina yake. Saratani ya titi yenye vipokezi vya homoni inaweza kurejea muda mrefu baada ya ile miaka 5 ya mwanzo, hata baada ya miaka 10 au zaidi, na inaweza kurejea kwa mgonjwa aliyefuata kila alichoambiwa. Kwa baadhi ya wagonjwa tamoksifeni huongezwa hadi miaka 10 kwa sababu hiyo hiyo. Bi. Saida hakuwa na habari hii, kwa hiyo uvimbe ulipojitokeza upya, swali lake la kwanza halikuwa la kitabibu. Alijiuliza amekosea wapi.

Mwenendo wa matukio

Miezi kadhaa baada ya kumaliza tamoksifeni, akiwa anaoga, alipapasa kovu lake na kukuta kijiuvimbe kigumu kama punje ya choroko, pembezoni mwa kovu upande wa kwapa. Alikaa nacho zaidi ya mwezi bila kumwambia mtu. Katika kipindi hicho hicho mgongo wake wa chini ulikuwa unamuuma, maumivu ambayo zamani angeyahesabu kuwa ya kazi, lakini sasa aliyaunganisha na ule uvimbe. Binti yake ndiye aliyegundua, kwa kuona jinsi mama yake alivyokuwa akiingiza mkono chini ya kanga mara kwa mara.

Katika hospitali ya rufaa daktari alithibitisha uvimbe huo, akagusa pia tezi iliyovimba kwapani, kisha akamwambia, huku foleni ikiwa nje na mlango ukiwa wazi, kwamba inawezekana imerudi na itabidi kikatwe kinyama. Kinyama kilichukuliwa siku hiyo hiyo kwa sindano nene, kikatumbukizwa kwenye kichupa cha formalini, na akaandikiwa vipimo vya damu pamoja na picha za CT (eksirei ya kompyuta) za kifua na tumbo. Aliambiwa majibu yatatoka baada ya wiki mbili na kwamba atapigiwa simu.

Simu haikuja. Wiki ya tatu ilipopita, binti yake alipiga mapokezi na kujibiwa kwamba bado. Wiki iliyofuata Bi. Saida alipanda basi na kaka yake kwenda kuuliza ana kwa ana, na hapo ndipo mambo mawili yalipobainika. Kwanza, namba ya simu iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya miaka 6 iliyopita na haitumiki tena. Pili, maabara ilikuwa imekiweka kando kinyama chake, kwa kuwa fomu iliyoambatana nacho haikujazwa sehemu ya historia: haikusema kwamba mgonjwa aliwahi kuwa na saratani, wala haikutaja namba ya patholojia ya awali, ambayo mtaalamu alihitaji ili alinganishe uvimbe mpya na ule wa zamani. Simu ya maabara ilipigwa kwenye namba ile ile iliyokufa.

Bi. Saida alisikiliza maelezo hayo, akafungua bahasha yake ya kaki, akatoa ripoti ya miaka 6 iliyopita iliyokunjwa mara nne, na namba iliyotafutwa ilikuwa pembeni juu kulia, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa amekuja nayo kila mara. Hakuna aliyemuuliza.

Siku chache baadaye sehemu ya kwanza ya majibu ilitoka. Uvimbe ulikuwa saratani, na vipokezi vya estrojeni vilikuwapo kama awali. Kwa upande wa HER2, alama ilikuwa 2+. Hili linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo lililoleta mtafaruku mkubwa zaidi. Rangi ya HER2 husomwa kwa alama nne: 0 na 1+ huhesabiwa kuwa hasi, 3+ huhesabiwa kuwa chanya, na 2+ haitoi uamuzi, hivyo ni lazima jeni zenyewe zihesabiwe kwa kipimo kiitwacho FISH, ambacho hufanywa na maabara chache. Bloku ya nta yenye kinyama ikabidi isafirishwe, na mgonjwa akaambiwa asubiri tena takriban wiki tatu.

Nyumbani, habari hiyo ilieleweka kwa namna tofauti kabisa. Wifi yake alisema kwamba majibu yamekwishatoka na ni mabaya, ila hospitali inatafuta namna ya kuyasema. Kaka yake alimwamini. Bi. Saida naye, aliyekuwa ameisikia kauli ya kwanza ya daktari mlango ukiwa wazi, hakuwa na sababu ya kupinga.

Hapo ndipo alipoletwa kwangu katika chumba cha ushauri. Alikuwa halali zaidi ya saa chache. Alikuwa ameacha kwenda kwenye kikundi chake cha akina mama cha kuweka na kukopa, kwa kuogopa kuulizwa. Alikuwa akiubonyeza uvimbe mara nyingi kwa siku, kuona kama umekua, hadi ngozi iliyokuwa juu yake ikawa nyekundu na kuuma, na wekundu huo nao ukawa dalili mpya ya kuogopa. Dodoso la PHQ-9, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 27, lilimpa 13, kiwango cha kati cha sonona. Nilipomuuliza waziwazi kuhusu mawazo ya kufa alinijibu, "Sista, kufa siombi. Naomba kupambazuke majibu yawe yametoka, yawe vyovyote. Kama ni mabaya niambieni. Hiki kimya ndicho kinachonimaliza."

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu nani asikie majibu. Kabla ya mazungumzo yetu, kaka yake alikuwa ameniomba kando, kwa heshima na kwa sauti ya chini, kwamba majibu yakitoka aambiwe yeye kwanza ili aone namna ya kumwambia dada yake. Ombi hili ni la kawaida sana kwetu na halitokani na ubaya. Nilimjibu kwamba nimemsikia, na kwamba nitamuuliza mwenyewe anavyotaka. Bi. Saida, akiwa peke yake, alisema anataka kusikia yeye mwanzo, kutoka kwa daktari, kaka yake akiwa ameketi pembeni yake. Tuliandika hivyo ndani ya faili, kwenye ukurasa wa mbele, ili atakayekuwa zamu siku hiyo asilazimike kubahatisha.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumwonyesha safari ya kinyama chake. Nilichora kwenye karatasi: kichupa cha formalini ya asilimia 10, ambamo kinyama cha titi hutakiwa kukaa kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72, alkoholi inayokausha maji, nta inayokifanya kiwe bloku, vipande vinavyokatwa kwa unene wa takriban mikroni 4, rangi ya kwanza inayoonyesha kama ni saratani, rangi za vipokezi, na mwisho, kwa wale wenye 2+ tu, kuhesabu jeni. Nikaweka alama mahali kinyama chake kilipofikia. Alishika kidole juu ya alama hiyo na kuniuliza kama hiyo 2+ ina maana hatua ya pili. Haikuwa hivyo, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza. Kwa siku kadhaa alikuwa akiwaambia ndugu kwamba ugonjwa wake "umepanda wa pili".

Tatu, tulikubaliana kwamba kila Alhamisi saa nne asubuhi nitampigia simu, yawepo majibu yasiwepo. Namba mpya iliandikwa, na ya binti yake chini yake. Sababu ya kuchagua siku maalumu ni kwamba hadi wakati huo kila mlio wa simu ulikuwa unaweza kuwa hukumu, na mgonjwa alikuwa hawezi kuiacha simu hata anapokwenda msalani. Siku ikijulikana, siku nyingine sita hupata nafuu.

Kuhusu mgongo, daktari hakutaka kusema ni saratani wala si saratani kabla ya picha. Hata hivyo, mtu mwenye historia kama hii hawezi kuachwa asubiri mgongo unaouma bila maelekezo. Bi. Saida na binti yake walifundishwa dalili zinazotaka hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku: miguu kulegea au kufa ganzi, ganzi ya makalio na sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila kujizuia, na choo kutodhibitika. Hizo zinaweza kuashiria uti wa mgongo unabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama mtu atatembea tena. Kwa mtazamo wangu, kumpa mgonjwa dalili za hatari hakumwongezei hofu kama wengi wanavyodhani. Alisema mwenyewe kwamba sasa anajua maumivu yapi ya kukimbia nayo na yapi ya kulala nayo.

Wifi yake aliuliza kwa nini matibabu yasianze tu, ikiwa ni saratani imethibitika. Swali lilikuwa la haki, na daktari aliitisha kikao kifupi kulijibu. Vipokezi vya uvimbe uliorejea vinaweza kutofautiana na vya uvimbe wa awali, ndiyo maana hupimwa upya. Kama HER2 ingekuwa chanya, mpango ungeweza kuanza na dawa za mishipani pamoja na trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, kabla ya upasuaji. Kama ni hasi, upasuaji ungetangulia. Kama CT ingeonyesha maini au mapafu yameingiliwa, upasuaji huenda usingekuwa na nafasi ya kwanza kabisa. Wiki hizo, kwa uvimbe mdogo wa aina hiyo, zilionekana kuwa gharama ndogo kuliko kuanza njia isiyo yake.

Unga wa mitishamba ulioletwa na jamaa haukukatazwa kwa ukali. Bi. Saida aliombwa aulete tuuone, na akaombwa ausimamishe mpaka vipimo vya ini na figo vipatikane, kwa kuwa baadhi ya mimea huumiza ini, na figo zinapaswa kuwa salama kabla ya kuchomwa dawa ya CT. Alikubali. Kwa sonona, tuliamua kurudia dodoso baada ya wiki mbili kabla ya kufikiria dawa, kwa makubaliano kwamba mawazo ya kufa yakijitokeza au akishindwa kula, hatutasubiri.

Matokeo

FISH ilionyesha kwamba jeni za HER2 hazikuzidi. CT haikuonyesha ugonjwa kwenye mapafu wala ini, na mgongo ulionyesha kuchakaa kwa viungo vya pingili kunakoendana na umri. Picha ya mifupa ilikubaliana na hilo. Daktari alimweleza akiwa ameketi, mlango umefungwa, akianza kwa kumuuliza yeye mwenyewe anajua nini hadi sasa. Kisha akasema kwa maneno machache: saratani imerejea kwenye ukuta wa kifua na kwapani, na hatujaiona mahali pengine. Bi. Saida alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akamgeukia kaka yake na kumwambia, "Umesikia, kaka? Umesikia mwenyewe."

Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe na tezi za kwapa. Mionzi haikurudiwa, kwa sababu eneo lile lilikwisha kupokea dozi kamili. Tibakemikali ilijadiliwa na kuachwa; utafiti wa kimataifa uitwao CALOR, uliowahusu wagonjwa 162 wenye saratani iliyorejea eneo lile lile tu, ulionyesha faida yake kwa wale wasio na vipokezi vya estrojeni, na wenye vipokezi hawakuonekana kunufaika. Akaanzishiwa letrozoli, dawa inayopunguza estrojeni mwilini, miligramu 2.5 kila siku, pamoja na ufuatiliaji wa uimara wa mifupa. Alama ya PHQ-9 ilishuka hadi 9 kabla hata majibu ya mwisho hayajatoka, na ilikuwa 5 miezi mitatu baada ya upasuaji.

Mwaka mmoja baadaye yuko vizuri, viungo vikimkaza asubuhi kwa sababu ya dawa. Kabla ya kila kipimo cha ufuatiliaji usingizi humpotea kwa siku kadhaa, na hatumwahidi kwamba hilo litakwisha.

Uchambuzi

Jambo ambalo kisa hiki kinalionyesha kwa uwazi ni kwamba kimya cha hospitali hakibaki kimya kinapofika nyumbani. Hugeuzwa kuwa jibu. Kila siku ambayo simu haikulia ilisomwa na familia kuwa ushahidi kwamba kuna baya linalofichwa, na familia yenyewe, kwa kutaka kuficha majibu ili imlinde mgonjwa, ilikuwa imethibitisha kwamba kuficha ni jambo linalofanyika. Simu za Alhamisi hazikuwa na habari yoyote ya kitabibu kwa wiki mbili mfululizo. Nilisema tu kwamba bloku imefika, na wiki iliyofuata kwamba bado inasomwa. Alama za sonona zilishuka katika wiki hizo hizo. Siwezi kusema simu pekee ndizo zilizoleta nafuu, kwani mgonjwa alikuwa pia amerudi kwenye kikundi chake na kuanza kulala chumba kimoja na binti yake, lakini yeye mwenyewe alipoulizwa alizitaja mwanzo.

Mchoro wa safari ya kinyama ulisaidia kuliko maneno ya kutia moyo. Ndugu walikuwa wamemwambia mara nyingi kwamba Mungu yupo na asikate tamaa, na Bi. Saida ni mtu wa ibada ambaye maneno hayo kwake ni kweli tupu. Baada ya alfajiri husoma Kurani mpaka kupambazuke. Tatizo lilikuwa wakati yalipotolewa. Yalisemwa kila alipoanza kueleza hofu yake, naye akajifunza kunyamaza ili asionekane ana upungufu wa imani. Nilipowaomba binti na kaka wamwache amalize sentensi zake kwanza, dua zikija baadaye, nyumba ilibadilika haraka kuliko nilivyotarajia.

Katika ucheleweshaji wa aina tatu uliotokea, mmoja tu ulikuwa na sababu ya kitabibu, nao ni FISH. Fomu isiyo na historia na namba ya simu iliyokufa zilikula takriban wiki mbili ambazo hazikumnufaisha mtu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi ulioanzishwa mwaka 2021, limeweka lengo la kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Lengo hilo linapojadiliwa, watu hufikiria mashine na wataalamu, na ni kweli vinahitajika. Kisa hiki kilikwama kwenye mstari mmoja wa fomu ambao ungejazwa kwa dakika moja, kutoka kwenye bahasha ambayo mgonjwa alikuwa ameipakata.

Ahadi ya wiki mbili nayo ilidhuru. Ilikuwa muda wa mambo yakienda sawa, ikatolewa kana kwamba ni muda wa kawaida. Mgonjwa aliyeambiwa wiki mbili hadi sita, na akaambiwa ni kitu gani kinaweza kuifanya sita, ana mahali pa kuweka ucheleweshaji unapotokea. Kauli ya kwanza ya daktari, iliyosemwa mlango wazi, iliendelea kusikika kwa miezi, Bi. Saida anakumbuka hata rangi ya shati la mtu aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kasoro ya ndani zaidi ilikuwa ya miezi kadhaa kabla ya uvimbe, siku alipomaliza tamoksifeni. Kama angeelezwa siku ile, kwa utaratibu, kwamba ugonjwa unaweza kurejea bila kosa lake, asingekaa mwezi mzima na uvimbe huku akijihesabia makosa, wala wifi yake asingepata nafasi ya kumuuliza kama aliruka vidonge. Wapo wanaohofia kwamba maelezo hayo yangemharibia furaha ya dua ya shukrani. Nimemuuliza. Alisema dua ingesomwa vile vile.

Kliniki sasa huhakiki namba ya simu kila mgonjwa anapofika, na hakuna kinyama kinachotoka chumbani kabla muuguzi hajauliza kama kuna ripoti ya zamani. Daftari la simu za Alhamisi limebaki na majina ya wote wanaosubiri majibu ya saratani inayoshukiwa kurejea. Lina udhaifu ambao haujapata ufumbuzi: linategemea muuguzi mmoja, na katika wiki za likizo yake simu zimekuwa zikipigwa kwa kuchelewa au zisipigwe kabisa. Ombi la kumpangia muuguzi wa pili na kutenga fedha za muda wa maongezi limekwisha kuwasilishwa kwa uongozi.